MIKOROSHO INAZEEKA, NASI TUNAZEEKA

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya akiba ya chakula. Mwezi huu tuzungumze juu ya akiba ya aina nyingine. Ni akiba ya uzee.

Usiseme, "Mimi bado kijana, habari hii si yangu." Soma kwanza. Habari hii ni yako zaidi kuliko ya babu yako. Babu yako amekwisha kuzeeka. Wewe bado unayo nafasi ya kujitayarisha.

HESABU WALIOSHIKA JEMBE

Siku moja wakati wa palizi, toka Ndanda upande mlima mpaka juu kwenye uwanda wa Makonde. Au shika njia ya Masasi kwenda Newala. Tazama mashamba ya mikorosho pande zote mbili. Kisha hesabu watu walioshika jembe.

Utaona akina mama. Utaona watoto waliotoka shule. Na utaona wazee wengi. Huyu ameinama anapalilia. Yule amekaa chini ya mkorosho, anapumzika kabla ya kuendelea.

Vijana wako wapi? Wengine wapo, nao wanafanya kazi. Lakini wengi wamekwenda Mtwara, Lindi na Dar es Salaam. Huko wanatembeza bidhaa, wanaendesha pikipiki za abiria, wanajenga nyumba za watu. Si wavivu. Wamefuata fedha, kwa sababu shamba la korosho hutoa fedha mara moja tu kwa mwaka, na tumbo hudai kila siku.

Basi kijijini wamebaki wazee, na pengine wajukuu walioachwa walelewe na bibi. Mikono ya kazi imepungua. Midomo ya kula haikupungua.

NCHI CHANGA, KIJIJI KIZEE

Tanzania ni nchi yenye watoto wengi. Katika Sensa ya 2022 tulihesabiwa watu 61,741,120. Tukichukua Watanzania 100, karibu 43 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu 53 ni watu wa umri wa kazi, yaani miaka 15 mpaka 64. Karibu 4 tu ni wazee wa miaka 65 na zaidi.

Sasa tazama nchi ya Japani. Huko, katika kila watu 100, wazee wa miaka 65 na zaidi wamefika 29. Watoto ni 11 tu. Viko vijiji vya Japani ambako shule zimefungwa kwa kukosa watoto, na mashamba yanalimwa na watu wa miaka 70. Serikali yao hutumia fedha nyingi sana kwa pensheni na matibabu. Viwanda vinatafuta wafanyakazi na kuwakosa. Uchumi wao umekuwa ukienda polepole kwa miaka mingi.

Lakini Japani ilitajirika kwanza, ndipo ikazeeka. Mtu mwenye ghala lililojaa anaweza kuzeeka bila kuogopa sana. Je, mtu anayezeeka ghala likiwa tupu?

Mtu anaweza kusema, "Japani ni mbali, na sisi wazee wetu ni 4 tu katika 100." Ndugu msomaji, nchi na kijiji si kitu kimoja. Nchi inaweza kuwa changa na kijiji kikawa kizee. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kusini huzaa kwa wastani watoto wasiofika 4. Kwa nchi nzima wastani ulikuwa zaidi ya 5. Tena Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa kaya ya mkoa wa Mtwara ilikuwa na wastani wa watu wasiofika 4, wakati kaya ya Tanzania ilikuwa karibu na watu 5. Kaya zetu ni ndogo, na vijana wanahama.

Jambo jingine: watu wanaishi zaidi kuliko zamani. Tulipopata uhuru mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa alitazamiwa kuishi miaka 40 na kidogo tu. Leo anatazamiwa kuishi zaidi ya miaka 60. Hii ni habari njema. Zahanati, chanjo na maji safi vimeleta matunda. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 2,507,508 wenye miaka 60 na zaidi, na idadi yao inazidi kuongezeka. Lakini miaka iliyoongezeka inataka chakula, dawa na nguo. Nani atalipa?

UZEE NA KUKUA KWA UCHUMI

Watu husema "uchumi umekua". Maana yake ni nyepesi: mwaka huu tumezalisha mali nyingi kuliko mwaka jana. Ili tuzalishe zaidi tunahitaji mikono, ujuzi, na fedha za kununulia vifaa. Uzee unagusa yote matatu.

Kwanza, mikono. Mkorosho hauzai vizuri kwa kutazamwa. Shamba lazima lisafishwe. Matawi yapunguzwe. Maua yapuliziwe dawa ili ugonjwa wa ubwiriunga usiyakaushe. Korosho ziokotwe kila siku zinapoanguka, zianikwe, zichaguliwe. Mzee anaweza kuokota na kuchagua. Kubeba mashine ya kupulizia mgongoni kutwa nzima ni kazi ya kijana.

Sisi watu wa Kusini tumekwisha kuona mikorosho isiyo na mikono inavyokuwa. Msimu wa 1973/1974 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi. Halafu watu walihamishiwa vijijini, na wengi wakawa mbali na mashamba yao ya zamani. Magugu yakaota. Ubwiriunga ukaingia. Bei nayo haikumvuta mkulima. Msimu wa 1986/1987 hazikufika hata tani 20,000. Miti ilikuwa ile ile, imesimama pale pale.

Mavuno yalipanda tena baadaye, wakulima waliporudi mashambani, wataalamu wa Naliendele walipotufundisha kutumia salfa, na bei ilipokuwa nzuri. Msimu wa 2017/2018 zilipatikana zaidi ya tani 300,000. Basi tukumbuke: mikorosho ni mali ikiwa ina mtu wa kuihudumia.

Pili, ujuzi. Hapa mzee ana nguvu kuliko kijana. Anajua mti upi huzaa mapema. Anajua mpaka wa shamba, na mahali ming'oko inapochimbwa mwaka wa njaa. Kijiji kinachowatupa wazee wake kinatupa ujuzi ambao hakikuulipia. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno.

Tatu, fedha. Mtu anapokuwa na nguvu huweza kupata zaidi ya anachokula, akaweka akiba. Akizeeka huila akiba ile. Kama hakuweka, hula mtaji. Huuza shamba, huuza mbuzi, hukodisha miti. Kijiji chenye wazee wengi wasio na akiba ni kijiji kinachokula mbegu zake.

Tena mikorosho yenyewe inazeeka. Mingi ilipandwa na babu zetu katika miaka ya 1950 na 1960. Mti wa umri huo huzaa kidogo kila mwaka unaopita. Basi mzee wa miaka 75 ana miti ya miaka 60. Nguvu zake zinapungua, na mavuno ya mti wake yanapungua pia. Wote wawili wanahitaji msaada kwa wakati mmoja.

FEDHA YA MZEE INAKWENDA WAPI?

Sasa tuzungumze juu ya mgawanyo wa mapato. Maana yake ni hii: katika mali iliyopatikana, nani amepata kiasi gani?

Tufanye hesabu. Huu ni mfano tu. Chukua kalamu, uhesabu pamoja nasi.

Mzee mmoja anaishi na mke wake na wajukuu wawili. Mwezi wa Juni mikorosho inatoa maua. Chakula kimepungua ndani. Anahitaji kumlipa kijana wa kupulizia na kununua petroli ya mashine. Hana fedha. Anakuja mtu mwenye fedha, tena kwa maneno matamu. Anampa shilingi 100,000. Wanapatana kuwa mwezi wa Oktoba mzee atamlipa kilo 100 za korosho.

Oktoba inafika. Mzee anatoa kilo 100. Yule mtu anazipeleka ghalani kwa jina lake. Tuseme baada ya makato yote anapata shilingi 2,500 kwa kilo. Amepata shilingi ngapi?

2,500 mara 100 ni shilingi 250,000.

Mzee alipata 100,000. Tofauti ni shilingi 150,000. Mzee alilima, alisafisha, aliokota, alianika. Mwenzake alingoja miezi minne tu, akapata zaidi ya mzee.

Biashara hii tunaijua. Ndiyo kangomba. Imekatazwa, lakini bado inafanyika gizani. Nayo humkamata nani? Haimkamati mkulima mwenye nguvu na akiba. Yeye hungoja mnada. Humkamata mzee, mjane, na mgonjwa, kwa sababu hawawezi kungoja. Katika msimu wa 2024/2025 bei ya korosho ilipita shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Aliyengoja alicheka. Aliyekwisha kuuza maua yake mwezi wa Juni alisikia bei hiyo redioni tu.

Ndivyo uzee unavyoweza kupanua tofauti kati ya walio nacho na wasio nacho. Miti ni ya mzee. Jasho ni la mzee. Faida ni ya mwingine. Huo ni unyonyaji.

MWENYE PENSHENI NA ASIYE NAYO

Iko tofauti nyingine. Mwalimu akistaafu hupata pensheni kila mwezi kutoka Mfuko wa PSSSF. Haya ni matunda ya michango yake na ya mwajiri wake. Hatuna kijicho naye. Lakini jirani yake mkulima, aliyefanya kazi miaka 50 na kuiletea nchi fedha za kigeni kwa korosho zake, akizeeka hana malipo ya mwezi.

Ziko nchi zilizojaribu kupunguza tofauti hii. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa mkulima, mvuvi au karani. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 walioandikishwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Je, fedha hizi zinapotea? Huko Afrika Kusini, ambako wazee wengi hupata pensheni ya serikali, watafiti waliwapima watoto katika miaka ya 1990. Wakaona kuwa wajukuu wa kike walioishi na bibi mwenye pensheni walikua vizuri zaidi. Kwa nini? Kwa sababu bibi hali peke yake. Akipata shilingi, hununua unga, sabuni na daftari. Shilingi hiyo huzunguka pale pale kijijini. Mwenye duka anauza. Mwenye mashine ya kusaga anasaga.

Kwetu Tanzania Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Wazee wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bure katika hospitali na zahanati za serikali. Kaya maskini sana zimepata kuandikwa katika mpango wa TASAF. Hivyo ni vitu vya kushukuru, lakini havitoshi kuwa akiba ya maisha. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Tuanze na tunachoweza kukifanya wenyewe.

TUFANYE NINI?

1. Tupande miche mipya kabla ya kuzeeka. Usikate mikorosho yote ya zamani kwa mara moja, utakosa fedha. Kata sehemu ndogo kila mwaka, iliyozaa vibaya kuliko nyingine. Panda miche bora ya kubebesha. Katika miaka ya kwanza panda mbaazi, karanga au mihogo katikati ya mistari. Miche hiyo huanza kuzaa mnamo mwaka wa tatu. Mwone bwana shamba akuonyeshe nafasi na mbegu inayofaa. Mtu wa miaka 40 akianza leo, akifika miaka 60 atakuwa na shamba la miti yenye nguvu.

2. Tuandikishe kila mzee. Katika misimu ya karibuni serikali imegawa salfa na dawa nyingine za mikorosho kwa ruzuku. Lakini aliyepata ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wakulima. Mzee asiyeweza kutembea mpaka ofisini asisahauliwe. Kijana wa nyumba yake aende na kuulizia jina lake.

3. Tufanye kazi kwa vikundi. Vijana kumi wenye mashine mbili wanaweza kupulizia mashamba ya wazee wote wa kitongoji. Malipo yao yaandikwe, walipwe baada ya mnada. Hapo kijana amepata kazi bila kuhama, na mzee hakulazimika kwenda kwa mtu wa kangomba.

4. Tuweke akiba wakati wa mnada. Fedha za korosho huja nyingi kwa siku moja, nazo huondoka haraka. Kabla ya kununua redio kubwa au kufanya sherehe, toa sehemu ya mwezi wa Juni. Iweke benki, au katika kikundi cha kuweka na kukopa. Mfuko wa NSSF nao huandikisha watu waliojiajiri, wakiwemo wakulima. Uliza ofisi yao wanataka mchango gani. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Tuandike mali ya nani ni ipi. Kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo ulihesabiwa upande wa mama. Siku hizi watoto nao hudai shamba la baba. Mzee akifa bila kuandika, wapwa na watoto hugombana, na mjane hubaki hana mti hata mmoja. Shamba la kesi halipaliliwi. Mzee aandike wosia akiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi.

WEWE UNAYESOMA

Ndugu msomaji, neno la mwisho ni lako wewe.

Wazee wengi walioingia katika mapatano mabaya hawakuwa wajinga. Walipewa karatasi wasiyoweza kuisoma, wakabonyeza dole gumba. Wengine walijua kusoma zamani, lakini macho yao hayaoni tena herufi ndogo. Karatasi imesema "kukodisha msimu mmoja" au imesema "misimu mitano"? Kilo ni 100 au ni 1,000? Sifuri moja tu inatosha kumfilisi mzee.

Wewe sasa unajua kusoma. Unajua kujumlisha na kutoa. Basi mzee wa nyumba yako au jirani yako akiletewa karatasi, mwambie, "Babu, usitie dole. Ngoja nikusomee." Isome kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Soma tarehe. Soma idadi ya miti. Soma kiasi cha fedha na cha kilo. Kama mapatano ni ya haki, mwenye karatasi hataogopa kusubiri. Akikasirika na kuondoka, umekwisha kupata jibu.

Vivyo hivyo wakati wa malipo. Chukua stakabadhi ya mzee. Linganisha kilo alizopeleka kwenye chama cha msingi na fedha alizopokea. Toa makato. Kama hesabu haikubali, nenda naye ofisini mkaulize kwa heshima.

Leo unamsomea mzee. Kesho mtoto unayemlea atakusomea wewe. Ujana ni moshi, ukienda haurudi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chenu kuna wazee wangapi wa miaka 60 na zaidi? Wangapi wanaishi bila kijana wa kuwasaidia?

2. Mikorosho ya shamba lenu ilipandwa mwaka gani? Nani atapanda mingine, na lini?

3. Mzee alikopa shilingi 60,000 akalipa kilo 50. Kilo moja iliuzwa shilingi 2,500. Mzee alipoteza shilingi ngapi?

4. Kijana wa kijiji chenu alipwe kiasi gani kwa kupulizia mikorosho ya mzee, ili asihame na mzee asipunjike?

5. Wewe mwenyewe, ukifika miaka 70, utakula nini?

Swali la tano ujibu peke yako kwanza. Ndipo uwaambie wenzako.